Namna ya Kupima Ubora na Udhaifu wa Kamera ya Dashibodi kwa Dereva wa Dar es Salaam

Kamera ya dashibodi hununuliwa kwa ajili ya dakika moja, nayo ni ile dakika ambayo pikipiki imekukwangua ubavuni ikatokomea kwenye foleni, au gari la nyuma limekuparamia kwenye mataa na dereva wake anamweleza askari wa usalama barabarani kwamba wewe ndiye uliyerudi nyuma. Dakika hiyo ina maswali yanayojulikana: nani alikuwa kwenye njia ipi, taa ilikuwa ya rangi gani, gari lililokimbia lina namba zipi, na yote yalitokea saa ngapi. Kamera inayoyajibu ni nzuri hata kama boksi lake halina mbwembwe, na ile isiyoyajibu haifai hata kama picha yake ilipendeza dukani. Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari ana kamera mkononi, iwe ameinunua Kariakoo, ameagiza kwa mtandao, au ameagiza gari kutoka Japani akaikuta imeshafungwa kwenye kioo, na sasa anataka kujua nguvu yake iko wapi na udhaifu wake uko wapi kabla hajaanza kuitegemea.

Hatua ya kwanza: Amua kamera ikuthibitishie nini

Dereva wa teksi za mtandao anayebeba abiria asiowajua hadi usiku wa manane anahitaji lenzi inayotazama ndani ya gari, na iwe na taa za miale isiyoonekana ili ione gizani. Mwenye lori anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba kamera inapokea umeme wa volti 24, kwa sababu kamera ya volti 12 peke yake itaungua. Mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni anahitaji zaidi picha ya mbele na ya nyuma, maana kwenye foleni zetu kugongwa kwa nyuma ni jambo la kawaida. Andika mahitaji yako mawili au matatu kwenye karatasi, kisha upime kamera kwa hayo.

Hatua ya pili: Hakiki maneno ya kwenye boksi

Neno linalopotosha kuliko yote ni 4K. Picha halisi ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, kwa hiyo sensa ya picha iliyo ndani ya kamera lazima iwe na angalau pikseli milioni 8. Sensa ya Sony IMX415 inafikia kiwango hicho, lakini IMX335 ina pikseli milioni 5 tu, na kamera inayotumia hiyo ya pili huku ikijitangaza kuwa ya 4K inachofanya ni kuivuta picha ndogo ili iwe kubwa. Herufi haziongezeki kwa kuvutwa. Namba ya gari isiyosomeka kwenye picha ndogo haitasomeka kwenye ile iliyokuzwa. Kamera ya aina hiyo inaweza kuwa nzuri kabisa ikirekodi kwa ukubwa usiozidi uwezo wa sensa yake, kwa mfano pikseli 2560 kwa 1440, na ningependa kumwona muuzaji akisema hivyo waziwazi.

Kama jina la sensa halikutajwa, pima uzito wa faili. Rekodi dakika moja ya barabarani, hamishia faili kwenye kompyuta, kisha utazame ukubwa wake kwa megabaiti. Picha ya 1080p, yaani ya pikseli 1920 kwa 1080, iliyorekodiwa vizuri kwa kasi ya megabiti 15 kwa sekunde huzalisha takribani megabaiti 112 kwa dakika, na ya 4K kwa kasi ya megabiti 30 hufika 225. Mfumo mpya wa kubana video wa H.265 hupunguza uzito huo bila kuharibu picha sana, hivyo usihukumu kwa tofauti ndogo. Lakini faili la 4K lenye uzito uleule wa faili la 1080p ni dalili kwamba maelezo mengi ya picha yametupwa wakati wa kuhifadhi.

Hatua ya tatu: Ijaribu kwa joto

Hapa ndipo kamera nyingi hushindwa, na wanunuzi wengi hawapafikirii. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana la Dar es Salaam hufika nyuzi 31 hadi 33 kivulini, lakini ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, sehemu iliyo karibu na kioo cha mbele inaweza kupita nyuzi 60. Kamera imebandikwa hapohapo. Ikiwa ina betri ya lithiamu ndani yake, betri hiyo inalazimika kuchajiwa katika joto ambalo haikuundwa kulistahimili, kwa sababu betri nyingi za aina hiyo hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 hivi. Matokeo yake ni betri kupoteza uwezo, kisha kuvimba. Kamera zinazotumia kapasita badala ya betri hustahimili joto zaidi. Kapasita haihifadhi umeme mwingi, bali sekunde chache tu za kulifunga faili la mwisho salama gari linapozimwa, na hilo ndilo tunalolihitaji. Kwa hali ya hewa yetu mimi ningechagua kapasita hata kama kamera nyingine ina picha nzuri kidogo kuliko hiyo.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Egesha gari juani kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, vioo vikiwa vimefungwa, kisha washa gari bila kuwasha kiyoyozi na uangalie mambo manne: kama kamera imewaka yenyewe, kama imeanza kurekodi ndani ya sekunde chache, kama tarehe na saa zimebaki sahihi, na kama kishikizo bado kimeng'ang'ania kioo. Kishikizo cha mpira wa kunyonya huachia mara nyingi kwenye joto la namna hii, ilhali gundi ya povu ya kubandika kwa kudumu huvumilia vizuri zaidi. Endesha nusu saa ukiwa bado na joto hilo, halafu zima gari ghafla na ulitazame faili la mwisho kwenye kompyuta. Likigoma kufunguka, au likiwa limekatika sekunde nyingi kabla ya kuzima, umepata udhaifu mkubwa, kwa sababu ajali kubwa nayo hukata umeme ghafla vivyo hivyo.

Kamera iliyotumika ichunguzwe pia kwa macho na vidole. Kioo chake kikiwa kimeanza kuinuka au mwili wake umeachana kwenye maungio, betri imevimba. Ing'oe siku hiyohiyo, wala usiichaji tena.

Hatua ya nne: Ijaribu kwa mwanga mkali

Barabara ya Morogoro inatupa uwanja mzuri wa jaribio hili. Anayetoka Kimara kuelekea mjini asubuhi hulipokea jua usoni, na anaporudi jioni hulikuta tena mbele yake likizama. Rekodi safari hizo mbili kisha usimamishe picha mahali ambapo jua liko ndani ya fremu, uone kama magari yaliyo mbele yamebaki na umbo na namba au yamegeuka vivuli vyeusi. Kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga na giza, ambao kwenye menyu huandikwa WDR au HDR, inapaswa kuyaonyesha vizuri zaidi. Washa uwezo huo, rekodi, uzime, rekodi tena, ulinganishe. Kisha pita chini ya Daraja la Kijazi pale Ubungo na uhesabu ni muda gani picha inachukua kuzoea kivuli na kuzoea tena mwanga wa upande wa pili. Kamera dhaifu huwa kipofu kwa sekunde moja au mbili, na hizo zinatosha kwa gari kuchomoka upande wa pili na kukuingilia.

Tazama pia mwakisi wa dashibodi kwenye kioo. Vijana wa kuoshea magari hupenda kupaka dashibodi dawa ya kung'arisha, na mng'ao huo hurudi kwenye kioo kisha ukaingia kwenye video kama ukungu mweupe. Waombe wasiipake, safisha kioo kwa ndani, halafu rudia jaribio kabla hujailaumu lenzi. Kichujio cha kupunguza mwakisi kinachovishwa mbele ya lenzi husaidia sana mchana, ila hupunguza mwanga unaoingia, hivyo usiku hugeuka kuwa mzigo.

Baada ya hapo pima usomaji wa namba. Egesha nyuma ya gari lililosimama, rudi nyuma hadi mita 5, kisha 10, kisha 15, ukirekodi kila mahali, na uandike umbali ambao namba zinaacha kusomeka. Lenzi yenye upana wa digrii 170 huona pembeni vizuri lakini huvifanya vitu vya mbele kuwa vidogo. Yenye digrii 130 hadi 140 husoma namba kutoka mbali zaidi, na kwa barabara zetu naona upana huu wa kati ndio wenye manufaa. Kipimo kigumu kuliko vyote ni bodaboda. Namba zake zinazoanza na MC ziko kwenye kibao kidogo kilichofungwa nyuma, mara nyingi kimepinda au kimefunikwa na vumbi, na pikipiki yenyewe inapita kwa kasi tofauti na yako. Kamera ikiweza kusoma namba hiyo wakati bodaboda inakupita taratibu kwenye foleni, imefaulu. Usiitarajie isome namba ya ile inayokuja mbele yako kwa kasi.

Hatua ya tano: Ijaribu usiku na kwenye mvua

Usiku kila kamera hupungua nguvu, kwa hiyo unachotafuta ni kiasi cha upungufu. Gizani kamera huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi katika kila picha, na kitu chochote kinachotembea huacha mchirizi. Ndiyo maana video ya usiku inaweza kuonekana angavu na safi ikitembea, lakini ukiisimamisha ili usome namba unakuta ukungu. Isimamishe daima; usiipime ikiwa inatembea. Endesha kwenye barabara yenye taa na kwenye mitaa ya ndani isiyo na taa, na uangalie hasa gari lililo mbele yako karibu kabisa, kwa sababu kibao chake huakisi taa zako na kugeuka doa jeupe. Kupunguza kiwango cha mwangaza kwenye menyu kwa hatua moja hurekebisha tatizo hilo mara nyingi.

Hata hivyo upungufu wa usiku una dawa ambayo haimo ndani ya lenzi. Ikiwa maikrofoni imewashwa, dereva aliyegongewa gari lake anaweza kuitamka namba ya aliyekimbia kwa sauti, pamoja na aina na rangi ya gari, na maneno hayo yakabaki kwenye video na saa yake. Hivyo pima na maikrofoni: sema namba yoyote kwa sauti ya kawaida wakati kiyoyozi kimewashwa, na tena wakati vioo vimefunguliwa, kisha usikilize.

Kwa mvua za masika na vuli jambo la kwanza ni mahali kamera ilipobandikwa. Lenzi lazima iwe nyuma ya sehemu ya kioo inayofutwa na waipa, la sivyo itakuwa inarekodi matone. Mahali panapofaa kwa magari yetu yenye usukani wa kulia ni upande wa kushoto nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, ambapo haimzuii dereva kuona.

Hatua ya sita: Pima memori kadi kama unavyoipima kamera

Lawama nyingi zinazopelekwa kwa kamera ni za kadi. Kamera huandika juu ya kadi muda wote gari linapotembea, hufuta video za zamani na kuandika mpya, na kadi ya kawaida ya simu huchakaa haraka kwa kazi hiyo. Tafuta kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, yenye alama ya U3 au V30. Kadi bandia zipo sokoni, zinazojionyesha kuwa na gigabaiti 128 wakati uwezo wake halisi ni mdogo mno. Zikijaa huanza kuharibu mafaili bila kutoa taarifa. Programu ya bure ya h2testw kwenye kompyuta ya Windows huijaza kadi yote na kuisoma tena, na itakuonyesha uongo huo. Inachukua saa kadhaa, na hazipotei bure.

Piga hesabu ya muda unaotosha. Kwa kasi ya megabiti 15, saa moja hula karibu gigabaiti 6.75, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba takribani saa 9. Kwa megabiti 30 muda huo hupungua kwa nusu. Dereva wa teksi anayezunguka mchana kutwa kwa picha ya 4K atajikuta video ya asubuhi imefutwa kabla ya jioni, na akipata malalamiko ya abiria siku ya pili hana cha kuonyesha.

Kagua mambo mawili zaidi. La kwanza ni pengo kati ya mafaili. Kamera hugawa video katika vipande vya dakika moja, tatu au tano. Tazama saa iliyoandikwa mwishoni mwa kipande kimoja na mwanzoni mwa kinachofuata. Zikifuatana bila kuruka ni vizuri, na zikiruka sekunde mbili au tatu kamera ina tundu litakalojirudia siku nzima. La pili ni kihisio cha mshtuko, ambacho hufunga faili lisifutwe gari linapogongwa. Kwenye mitaa yenye mashimo na matuta, kihisio kilichowekwa kwenye kiwango cha juu sana hudhani kila tuta ni ajali, hufunga faili baada ya faili, na mwishowe kadi hujaa video zisizofutika na kurekodi kukasimama. Pita kwenye barabara mbovu unayoijua, kisha ufungue kasha la mafaili yaliyofungwa. Ukikuta mengi, shusha kihisio hadi kiwango cha chini kabisa na urudie.

Hatua ya saba: Saa, kasi na sauti

Linganisha saa ya kamera na ya simu leo, halafu baada ya wiki mbili. Kamera yenye GPS hujirekebisha yenyewe ukiiwekea saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC+3). Kamera zilizokuja na magari ya Japani mara nyingi bado ziko kwenye saa za kwao, ambazo zimetutangulia kwa saa sita, na video ya ajali ya mchana inayoonyesha usiku itakuletea maswali usiyoyahitaji. Kwenye menyu chagua pia 50Hz, kwa kuwa hayo ndiyo masafa ya umeme wetu, kisha uhakikishe kwamba rangi za taa za mataa zinaonekana kwenye video.

Kuonyesha kasi ni nguvu na ni udhaifu. Mwendo ulioruhusiwa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na video inayokuonyesha ukiwa 72 itasomwa yote, pamoja na kosa lako. Mimi nashauri iachwe iwashwe na mwendo ufuatwe.

Anayebeba abiria akumbuke kwamba picha na sauti za watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Weka tangazo linalosomeka ndani ya gari, na uangalie kama kamera yako inaruhusu kuzima sauti kwa kitufe kimoja bila kuzima picha.

Hatua ya nane: Ulinzi wakati gari limeegeshwa

Uwezo huu unahitaji waya uliounganishwa na fyuzi za gari, pamoja na kifaa kinachokata umeme betri inaposhuka. Kipime kwa multimita: soma volti za betri jioni baada ya gari kupoa, na tena asubuhi kabla ya kuwasha. Betri iliyojaa hukaa karibu 12.6, ukiikuta chini ya 12.0, kifaa hakikati mapema inavyotakiwa, na magari madogo yenye betri ndogo hayataamka. Kazi hii apewe fundi umeme wa magari anayejua kutafuta fyuzi sahihi, si wa kukata waya wowote anaoukuta.

Kwa gari linalolala nje ya uzio, mawazo yangu ni tofauti na ya wauzaji. Kamera inayoonekana kutoka nje ni sababu ya kibaka kuvunja kioo, na gharama ya kioo inaweza kuzidi ya kamera. Kishikizo kinachoachia kamera kwa mkono mmoja, ili uiweke mfukoni ukishuka, kina thamani kubwa kwa dereva huyo.

Hatua ya tisa: Fanya mazoezi ya kutoa ushahidi

Jifanye umegongwa sasa hivi. Kaa ndani ya gari na utoe video ya dakika tano zilizopita, uifikishe kwenye simu kwa Wi-Fi. Programu ya simu ikigoma kuunganika, ikidai usajili usioisha, au ikichukua robo saa kuhamisha faili moja, huo ni udhaifu wa kamera hata kama picha ni safi. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na namba hupotea.

Nakala ya simu ni ya kuonyesha tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usibadilishwe. Kwa hiyo faili la asili libaki kwenye kadi bila kukatwa wala kuongezwa maandishi, kadi itolewe kwenye kamera na kuwekwa pembeni, na kadi ya akiba iingizwe mahali pake. Andika tarehe, saa na jina la aliyeitoa. Kamera inayokataa kadi ya pili mpaka ibadilishiwe mipangilio yote ijulikane mapema.

Hatua ya kumi: Toa uamuzi kabla dhamana haijaisha

Picha hafifu ya usiku, menyu ya Kijapani na programu ya simu yenye kusumbua ni udhaifu unaovumilika. Kushindwa kuwaka baada ya kukaa juani, kuruka sekunde kati ya mafaili ukiwa na kadi nzuri, kupoteza tarehe, na kutoifunga video ya mwisho havivumiliki, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kukuacha bila video siku unayoihitaji. Ukikuta kimojawapo, rudia jaribio ukitumia kadi nyingine ili muuzaji asipate pa kukimbilia, hifadhi mafaili yanayoonyesha hitilafu, kisha urudishe kamera dukani pamoja na boksi lake na risiti ya EFD.